Parachichi na Wenziwe

Matunda mengi tuliyojaaliwa katika nchi hizi humfikia mlaji yakiwa yamekwisha kamilika, yaani utamu wake, uchachu wake na harufu yake vimekwisha kupimwa na kupatanishwa na maumbile yenyewe, hata mtu aliyeokota embe boribo iliyoivia mtini hadaiwi kitu ila kisu cha kumenyea na mahali pa kutupia kokwa. Chungwa ni hivyo, nanasi ni hivyo, na fenesi nalo, pamoja na ulimbo wake unaong'ang'ania vidoleni, ni hivyo vilevile. Parachichi, ambalo baadhi ya watu wa visiwani huliita embe mafuta, halimo katika jamaa hiyo. Mtu akilipasua na kulitia kinywani peke yake, bila chumvi wala ndimu, atakutana na ulaini mwingi na ladha haba, kitu kinachokijaza kinywa bila kukiamsha. Na si ajabu kwamba mgeni wake wa mara ya kwanza aghalabu huuliza kama kweli hili ni tunda au ni mboga. Halina utamu wa kutajika, kwa kuwa katika gramu 100 za nyama yake sukari haifiki hata gramu 1, wala halina uchachu. Lilichopewa badala ya hivyo viwili ni shahamu, kiasi cha gramu 15 katika hizo 100, na sehemu kubwa ya shahamu hiyo ni ya jinsi ileile iliyomo katika mafuta ya zaituni. Kadiri ninavyolitafakari jambo hili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuliponda parachichi pamoja na matunda mengine, likawa kitoweo cha kuchovea, si pambo wala anasa ya meza, bali ni kulitimizia tunda hilo haja iliyomo katika hulka yake.

Haja hiyo ya kuwa na mwenzi haikuanza jikoni. Imeanza mtini, katika ua dogo la rangi ya manjano iliyofifia ambalo wapita njia wengi hawalitupii jicho. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza hufunguka likiwa la kike, tayari kupokea chavua, kisha hujifunga, na siku ya pili hufunguka tena likiwa la kiume, likatoa chavua wakati ambapo upande wake wa kike umekwisha kupitwa na saa. Iko miti ambayo maua yake huwa ya kike asubuhi na ya kiume alasiri ya siku ifuatayo, na iko mingine inayofanya kinyume cha hayo, ya kike alasiri na ya kiume asubuhi ya siku ya pili. Aina ya Hass ni ya kundi la kwanza, na aina ya Fuerte ni ya kundi la pili, na hii ndiyo sababu mkulima mwenye maarifa huzipanda jamii hizi mbili karibu karibu na kuwakaribisha nyuki katikati yake. Mti ulio peke yake huzaa pia, kwa sababu joto na baridi huzivuruga saa hizo hata zikaingiliana, lakini mti wenye jirani aghalabu huzaa zaidi.

Tunda likisha kutunga na kukomaa, huonyesha tabia nyingine ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko hiyo ya ua. Halikubali kuiva likiwa limeshikamana na mti. Laweza kuning'inia tawini miezi kadhaa baada ya kukomaa, likiwa gumu vilevile, na mkulima mwenye subira huufanya mti kuwa ghala lake, akachuma leo kidogo na juma lijalo kidogo. Lakini ulaini ule tunaoutafuta hauanzi ila baada ya kikonyo kukatwa. Likisha kukatwa huanza kutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoliivisha, na ndiyo itokayo pia katika ndizi mbivu. Kwa hiyo yule bibi anayelivundika parachichi pamoja na ndizi ndani ya mfuko wa karatasi, au anayelifukia katika debe la unga wa mahindi ili hewa yake isipotee, hafuati ushirikina wa wazee. Anafuata kanuni ambayo wanakemia wameithibitisha, naye aliijua kabla hawajampa jina la kuitajia.

Hapa ndipo inapoingia dhuluma ya soko. Parachichi lililochumwa kabla ya kukomaa haliivi kwa hila yoyote. Husinyaa, ganda likakunjamana, nyama ikawa ya kunatanata yenye uchungu kwa mbali, na mnunuzi, asijue kilichotendeka, akalilaumu tunda lenyewe na kuapa kutolinunua tena. Dalali anayepita mashambani na kukomba mti mzima kwa siku moja, makubwa kwa madogo, ili awahi bei kabla msimu haujafunguka, anamwibia mkulima fedha na anamwibia mlaji imani. Wasimamizi wa kilimo nchini Kenya wamelitambua jambo hili, na mwishoni mwa mwaka huufunga msimu wa kuchuma mazao ya kupeleka ng'ambo ili matunda yapate wasaa wa kukomaa. Nami naiona amri hiyo kuwa ya haki, ingawa najua inamwuma mkulima mwenye ada za shule za kulipa mwezi wa Januari. Subira ya tunda hili hainunuliki, na aliyetaka kuikatiza hupata hasara ya wawili.

Lile parachichi linalotawala masoko ya dunia zama hizi, lenye ganda la vipele linalogeuka kuwa jeusi likiiva, limetokana na mti mmoja. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa posta katika California ya Marekani. Katika miaka ya 1920 alinunua kipande cha shamba pale La Habra Heights, akapanda mbegu kwa nia ya kuziunganishia vikonyo vya Fuerte, aina iliyokuwa na sifa kuliko zote wakati ule. Mche mmoja ukakataa kila kiunganisho alichoutia. Akaambiwa auache ukue kwa namna ulivyotaka wenyewe, akauacha, na ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko yale ya Fuerte. Mwaka 1935 aliuandikishia hataza, na mti ule mama ukaishi hata mwaka 2002, ulipokufa kwa maradhi ya mizizi. Fuerte nayo ilikuwa na sifa yake kwa sababu nzuri: vikonyo vyake vilitolewa Atlixco, katika jimbo la Puebla nchini Meksiko, mwaka 1911, vikapelekwa California, na baridi kali ya mwaka 1913 ilipoiua miche mingine, hiyo ikasalimika. Leo Murang'a, Njombe na Rungwe zina mashamba ya Hass yanayopeleka mazao yake Ulaya, na tangu mwaka 2022 maparachichi ya Kenya yanafika hata China yakiwa mabichi. Wafanyabiashara waliipenda Hass kwa kuwa ganda lake nene huvumilia safari ya merikebu. Mpishi ana sababu nyingine ya kuipenda, nayo ni wingi wa shahamu. Yale makubwa ya mwambao, yenye ganda jororo la kijani lisilobadilika rangi, yana maji mengi na shahamu kidogo. Ni mazuri kwa juisi pamoja na pasheni, kama wafanyavyo watu wa Dar es Salaam, lakini katika bakuli la kuchovea hulegea upesi na kuachia maji pembezoni. Anayetaka kitoweo kinachosimama na atafute tunda la milimani.

Asili ya kitoweo chenyewe ni Meksiko. Kabla merikebu za Wahispania hazijafika, wenyeji wa huko waliosema lugha ya Nahuatl walikwisha kuwa na mchuzi wa parachichi walioutaja ahuacamolli, nao ndio ambao dunia yote leo inauita guacamole. Hadi sasa katika nyumba zao hutumia molcajete, kinu kipana cha jiwe jeusi la volkano chenye miguu mitatu, ambacho uso wake una vitundu vidogo vidogo vinavyokamata kitunguu na pilipili na kuvisaga bila kuvikatakata. Viungo husagwa kwanza hata vitoe maji. Parachichi huja nyuma, nalo halisagwi bali huvunjwavunjwa, kwa kuwa jikoni mwao kitoweo kilicholainishwa mno huonekana kuwa kimeharibiwa. Mwambao wetu una kinu na mchi wa mti, na majiko mengi yana kijiwe cha kusagia viungo. Chochote kati ya hivi kitafanya kazi hiyo sawasawa, na mashine ya umeme haifai, kwa kuwa haijui mahali pa kusimama.

Lakini hebu tulitazame bakuli hili kwa jicho la mwanahistoria, maana limekusanya bahari mbili. Parachichi na pilipili ni zawadi za Meksiko na jirani zake kwa ulimwengu, na pilipili ilitufikia zamani hata tukaisahau asili yake, tukaipa majina yetu na kuipanda nyuma ya nyumba. Embe ilitujia sisi kutoka Bara Hindi kwa njia ya pepo za kusi na kaskazi. Wameksiko waliipata upande wa pili wa dunia, kutoka Manila, katika merikebu za Kihispania zilizovuka Bahari ya Pasifiki na kutia nanga Acapulco kwa karne mbili na nusu, tangu mwaka 1565 hata mwaka 1815, na mpaka leo wana aina ya embe waiitayo Manila. Komamanga, kotmiri na ndimu walipelekewa na Wahispania. Na ndimu wanayoikamua wao, ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba na maji makali, ndiyo ndimu yetu hii hii ya Pemba na Lamu, si ya jamii nyingine inayofanana nayo. Kwa hivyo Mswahili anayeyaweka parachichi, embe, ndimu na pilipili katika bakuli moja haigi meza ya ugenini. Anakutanisha vitu ambavyo safari za baharini zilivitawanya pande mbili, na ambavyo Meksiko ilikwisha kuvikutanisha kwa upande wake.

Kuhusu matunda ndani ya guacamole, wako wanaodhani kwamba hayo ni mageuzi ya wapishi wa hoteli. Sivyo. Katika jimbo la Guanajuato, katika mji wa Comonfort ambao zamani uliitwa Chamacuero, liko pishi la kienyeji ambamo parachichi huchanganywa na mapichi, zabibu na punje za komamanga. Na habari zake zilienea nje ya jimbo lile kwa kalamu ya Diana Kennedy, mwanamke wa Kiingereza aliyeyatumikia maakuli ya Meksiko kwa miongo mingi, akakaa Michoacán na kufariki huko mwaka 2022. Nilipoisoma orodha ya matunda hayo sikuweza kujizuia kuihesabia ramani ya Tanzania: mapichi hulimwa Lushoto katika milima ya Usambara, zabibu ni zao la Dodoma, na makomamanga humea katika nyua za mwambao. Pishi la Chamacuero laweza kupikwa katika nchi yetu bila kuagiza kitu kutoka ng'ambo, na ingekuwa fahari kubwa kama mpishi mmoja wa Tanga, aliye karibu na Lushoto na karibu na bahari pia, angelitia katika mambo yake ya kawaida.

Mimi hupenda zaidi pishi la embe na komamanga, na nitalieleza kwa taratibu, kwa kuwa uzuri wake uko katika taratibu. Kwa watu wanne au watano yatosha maparachichi mawili makubwa, embe moja, nusu ya komamanga, kitunguu kimoja kidogo chekundu, pilipili mbuzi kwa kadiri ya ujasiri wa walaji, ndimu moja au mbili, konzi ya kotmiri na chumvi. Embe na iwe iliyoiva lakini yenye kushika umbo, boribo au ngowe, isiwe ile iliyolainika hata ikatoa maji ikiguswa. Kazi huanza na kitunguu, hukatwakatwa, kikatiwa kinuni pamoja na pilipili na chumvi, kikapondwa mpaka maji yake yatoke na kinu kinukie, kisha hukamuliwa ndimu juu yake na kuachwa. Robo saa ya kukaa katika ndimu hukiondolea kitunguu ule ukali unaopanda puani na kubakia na mlaji hata usiku, na huiachia pilipili nafasi ya kuenea. Anayekiruka kipande hiki cha kazi kwa sababu ya haraka atakula kitoweo ambacho viungo vyake havijajuana.

Wakati huo mwandaaji hushughulika na komamanga. Likipasuliwa juu ya bakuli la maji, na vipande vyake vikavunjwa kwa vidole chini ya maji hayo, punje nyekundu huzama na utando mweupe wenye ukakasi huelea, ukaenguliwa kwa kiganja; wala nguo haichafuki, jambo ambalo kila aliyewahi kufua doa la komamanga atalithamini. Embe humenywa na kukatwa vipande vidogo, vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kokwa yake hupewa mtoto aliye karibu, kwani hiyo ni haki yake tangu zamani.

Parachichi huja mwisho kabisa. Namna ya kulijua lililo tayari si kulibonyeza tumboni kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wengi sokoni hata wakaliachia jeraha litakalomwonea mnunuzi wa baada yao. Bali ni kulifumbata kiganjani lote na kulikamua kidogo, kisha kukitazama kikonyo. Kibaki cha kikonyo kikibanduka kwa urahisi na chini yake pakawa pa kijani, saa yake imefika; pakiwa pa kahawia, huenda saa hiyo imekwisha kupita. Kisu huzungushwa kwa urefu, kikigusa kokwa pande zote, kisha nusu mbili hupotolewa kila moja upande wake, zikaachana kwa sauti ndogo ya kunyonya. Kokwa huondolewa kwa kijiko. Kule kuipiga kwa makali ya kisu huku tunda likiwa kiganjani kumewapeleka watu wengi kwa matabibu. Halafu kijiko hupitishwa kati ya nyama na ganda, na hapo pana jambo la kuangalia: sehemu iliyo karibu kabisa na ganda, yenye kijani kilichoiva, ndiyo yenye hazina kubwa ya rangi zile zinazoufaa mwili na macho, na mkono wa haraka huiacha gandani ikatupwa. Na ikwanguliwe.

Nyama hiyo huangushwa juu ya kitunguu na ndimu, ikapondwa kwa mwiko au uma dhidi ya ubavu wa bakuli, nusu yake ikalainika na nusu ikabaki mabonge mabonge, ili ulimi upate kitu cha kukutana nacho. Embe, kotmiri iliyokatwakatwa na sehemu kubwa ya komamanga huingizwa na kugeuzwa taratibu, mara chache tu, isije rangi ya embe ikapotelea katika kijani. Matunda yasizidi theluthi ya bakuli, kwa kuwa yakizidi, parachichi hugeuka kuwa gundi ya kuyashikilia na heshima yake ikaondoka. Kisha mtu huonja. Mara nyingi litakalokosekana ni chumvi, na watu huongeza ndimu badala yake, kisha wakashangaa kwa nini kitoweo kimechachuka lakini bado kimepoa. Kitoweo kinapokuwa kimekaa sawa, utamu wa embe hutangulia, ndimu huufuata ikiukata, pilipili hupanda nyuma yake polepole, na shahamu ya parachichi huvipokea vyote hivyo na kuvizuia visigombane. Na katikati ya ulaini huo punje moja ya komamanga hupasuka menoni na kutoa tone la maji makali. Parachichi ambalo peke yake lilikuwa bubu sasa linasikika, nalo halijageuka kuwa kitu kingine.

Toka hapo muda haupo tena. Kisu kinapozikata chembechembe za parachichi, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake hukutana na hewa, na nyama ile ya kijani huanza kugeuka kahawia. Ndimu huchelewesha mabadiliko hayo kwa uchachu wake, na kipande cha jani la mgomba kilichopashwa moto na kulazwa juu ya kitoweo, kikigusana nacho pasi na nafasi ya hewa, huyachelewesha zaidi. Kokwa kuachwa katikati ya bakuli, kama wengi wanavyosihi, huilinda ile sehemu iliyofunikwa na kokwa tu, wala haina siri nyingine. Kitoweo hiki hakiwekwi akiba. Tunda lililongoja mtini miezi na likangojewa ndani siku kadhaa hudai liliwe saa ileile, na kwa ajili hiyo halifai kwa mtu anayekula peke yake akiwa na shughuli, na linafaa sana kwa nyumba ambayo watu wake wamekwisha kuketi.

Sasa kuhusu siha. Wengi husifu parachichi kwa kuorodhesha vilivyomo, na ni kweli vimo: katika gramu 100 mna karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, na potasiamu kiasi cha miligramu 485, zaidi ya iliyomo katika ndizi mbivu ya uzito huo, ambayo humfaa mwenye shinikizo la damu, ingawa mgonjwa wa figo amwulize tabibu wake kwanza. Lakini sifa yake iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni ile inayoonekana likiwa na wenziwe. Ile rangi ya manjano ya embe hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini haiyeyuki katika maji; huyeyuka katika shahamu, na pasipo shahamu sehemu yake kubwa hupita tumboni bila kutumika. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha habari za majaribio ambamo watu walikula mchanganyiko wa nyanya na viungo, mara wakiwa na parachichi ndani yake na mara bila. Walipolitia parachichi, beta-karotini iliyoingia damuni ilikuwa mara 2.6 ya ile ya kwanza, na ile rangi nyekundu ya nyanya, likopeni, ilikuwa mara 4.4. Nyanya hazikuongezwa. Kilichoongezwa ni mwenzi wa kuzichukua. Nasi tunaoishi katika nchi ambazo upungufu wa vitamini A umewaumiza watoto wengi macho na kuwapunguzia nguvu za kuyashinda maradhi, tuna embe na mapapai na karoti na mboga za majani, na aghalabu kinachokosekana katika sahani ya mtoto ni hiyo shahamu kidogo ya kuvifikisha vyakula hivyo mahali pake.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kulishwa anaweza kupewa parachichi lililopondwa na embe laini, na njia nyepesi ni kumtengea fungu lake kabla chumvi, kitunguu na pilipili havijaingia. Na kwa wenye mifugo, neno moja: majani ya mparachichi, na maganda pia, yana sumu iwezayo kumdhuru mbuzi na kuku, basi taka za pishi hili zifukiwe kwenye mboji, zisitupwe zizini.

Chombo cha kuchovea hakinipi shida. Kachri za muhogo, kama zikaangwavyo Mombasa, zinatosha; muhogo wa kuchoma uliopasuliwa kwa urefu ungali na moto ni bora zaidi, kwa kuwa ukavu wake na moshi wake hukutana vyema na ubaridi wa kitoweo. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tende na maji, tumbo lililokaa siku nzima bila kitu hulipokea bakuli hili kwa upole kuliko linavyoipokea sinia ya vitu vilivyochovywa mafutani, na ningependa kuliona katika futari za watu wengi.

Ningependa pia kuliona katika nyumba za wale wanaoyalima. Katika vituo vya kupakia, tunda hukataliwa kwa udogo wake, au kwa alama ya tawi iliyokwaruza ganda, na mwenye shamba hurudi nalo au huliuza kwa bei ya kutupa. Hali ndani ya ganda hilo lenye alama mna shahamu ileile, na potasiamu ileile, na uwezo uleule wa kuifikisha karotini ya embe katika damu ya mtoto. Ulaya hawalitaki kwa sababu ya sura yake, wala hilo si sababu ya kuliacha lioze chini ya mti. Maparachichi ya Murang'a na embe za Makueni hushushwa katika soko lile lile la Marikiti pale Nairobi, na vitunguu, pilipili na kotmiri viko hatua chache tu kutoka hapo. Ndimu hutoka Pwani.